Ngome ya Yesu na Mawe Yaliyoondolewa

Katika ukurasa huu tumezoea kupima vitabu, kusema hiki chafaa kusomwa na hiki hakifai. Leo twapima jengo. Mtu atauliza: je, jengo lapimwa kama kitabu? Twajibu, ndiyo. Jengo la kale likitengenezwa ili wageni waingie na kulitazama, yule anayelitengeneza amekuwa kama mwandishi. Yeye ndiye anayeamua ukuta upi ubaki na upi uangushwe, mlango upi ufunguliwe na upi uzibwe, na maneno gani yaandikwe kando ya mzinga. Wageni husoma alichowaandikia, na wengi huondoka wakidhani wamesoma yote.

Jengo lenyewe ni Ngome ya Yesu ya Mombasa, ile inayoitwa na watu wengi Fort Jesus. Mombasa ni mbali na Masisi na Walikale, lakini jina lake si geni kwetu. Mwulize mfanya biashara yeyote wa Goma au wa Sake: vitenge, mabati, pikipiki na vyuma vya magari, vingi vyashushwa katika bandari ile, kisha vyapakiwa katika magari makubwa na kupita Nairobi na Kampala mpaka vitufikie. Hata lugha tunayoandikia ilitoka pwani, ikaja na misafara ya karne ya 19 iliyofika mpaka Maniema, jirani ya Walikale, ikitafuta pembe za ndovu na, kwa aibu ya wote walioshiriki, watu.

Tena tunayo sababu ya nyumbani. Katika parokia moja ya milima yetu, ambayo hatutaitaja, baraza limegawanyika juu ya nyumba ya kale ya misioni: itengenezwe namna gani? Tulipokwenda Mombasa tulikuwa na ugomvi huo moyoni, na yale tuliyoyaona huko tuliyatazama kwa macho ya mtu mwenye kazi ya namna hiyo inayomngoja kwao.

Lakini kwanza tupite Roma kidogo, maana kipimo chetu twakichukua huko.

Wengi wenu mmesikia habari za Kolosseo, kwa sababu usiku wa Ijumaa Kuu Njia ya Msalaba ya Baba Mtakatifu husaliwa pale, desturi iliyorudishwa na Papa Paulo VI mwaka 1964. Jengo hilo lilianzishwa na Kaisari Vespasiano, na mwanawe Tito akalifungua mwaka 80 kwa michezo ya damu. Misingi yake ni zege la Kirumi, lililochanganywa chokaa na majivu ya volkano. (Sisi tunaokaa karibu na Nyiragongo na Nyamulagira hatuhitaji kuelezwa majivu ya volkano ni nini, ila hatukupata kufikiri kwamba yaweza kubeba jengo miaka elfu mbili.) Baada ya makaisari, watu walilivunja karne nyingi ili kupata mawe ya kujengea. Katikati ya karne ya 18 Papa Benedikto XIV aliliweka wakfu kwa Mateso ya Bwana, akisimamisha vituo vya Njia ya Msalaba uwanjani.

Mwaka 1806 tetemeko la nchi liliutikisa upande wa mashariki, na ukuta ukawa tayari kuanguka. Papa Pio VII akamtuma fundi Raffaele Stern. Fundi huyo hakuyarudisha mawe mahali pake. Alijenga nguzo nene ya matofali ya kuuegemeza ukuta, akayaziba matao kwa matofali yakiwa vile vile yalivyokuwa, yameteleza na kupinda. Mpaka leo mtu akisimama chini yake huona mawe yale yanaanguka na hayafiki chini. Miaka ishirini hivi baadaye, upande wa pili, fundi Giuseppe Valadier alifanya kazi nyingine kwa ajili ya Papa Leo XII: alijenga matao mapya yenye umbo la yale ya kale, lakini kwa matofali, ili mtu asidhani ni mawe ya Warumi. Njia hizo ni mbili, nao mafundi wote wawili walikuwa wa kweli. Wa kwanza alionyesha jeraha, na wa pili alionyesha kiraka.

Na mwaka 2021, baada ya matengenezo yaliyolipwa na kampuni moja ya viatu, vyumba vya chini ya uwanja vilifunguliwa ili wageni wavipite. Ndimo walimongojea wanyama na wapiganaji kabla ya kupandishwa juu mbele ya watu. Kwa karne nyingi vyumba hivyo vilifukiwa kwa udongo. Siku hizi mgeni aweza kusimama mahali pa Kaisari, na aweza pia kusimama mahali pa yule aliyekuwa akingoja kufa. Mlishike neno hilo, maana tutalirudia.

Sasa Mombasa.

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya mfalme Filipo wa Hispania, aliyetawala Ureno pia siku zile. Aliyechora ramani yake alikuwa Mwitalia wa Milano, Giovanni Battista Cairati, fundi mkuu wa Wareno katika Uhindi. Ukitazama ramani hiyo kutoka juu utaona kama mtu aliyelala: kichwa, mikono, miguu. Si mchezo. Mafundi wa wakati wake walimsoma Vitruvius, fundi wa Roma ya Kaisari Augusto, aliyefundisha kwamba vipimo vya jengo zuri vyafuata vipimo vya mwili wa mwanadamu. Basi ijapokuwa mawe yake ni matumbawe, yaani mawe ya baharini yaliyokatwa pale pale pwani, fikira iliyoyapanga ni ya Kirumi. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliandika ngome hii katika orodha ya urithi wa dunia, na uzuri huo wa vipimo ni mojawapo ya sababu.

Kuta ni nene na ndefu kwenda juu, na rangi yake hubadilika jua linaposhuka. Penye pembe kuna buruji, yaani sehemu zinazotokeza nje ili walinzi waweze kupiga adui anayeukaribia ukuta. Wareno walizipa majina ya watakatifu: Filipo, Alberto, Matayo, Matia. Boma lote wakalipa jina la Yesu, kisha wakapanga mizinga juu yake. Twasema bila kuficha kwamba jina hilo latuuma. Mtoto mmoja wa shule, siku tulipoingia, alimwuliza mwalimu wake kama Yesu alikaa humo. Mwalimu alicheka. Sisi hatukucheka sana.

Maana mambo yaliyotendeka humo ni haya. Mwaka 1614 Sultani Hasan wa Mombasa, aliyekuwa rafiki wa Wareno kisha akagombana na nahodha wa ngome, alikimbilia bara, akauawa huko kwa hila ya Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe, mtoto mdogo, alipelekwa Goa naye, akalelewa na mapadri Waaugustino, akabatizwa kwa jina la Jeronimo. Alirudishwa Mombasa kuwa mfalme Mkristo. Wareno walimtazama kama tunda la kazi yao, na nahodha alimtendea kama mtumishi. Husemwa kwamba alionekana usiku akisali kwenye kaburi la baba yake kwa namna ya Kiislamu, na nahodha alipopata habari alitaka kumpeleka Goa ahukumiwe. Katikati ya Agosti 1631, siku za sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, mfalme aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kisu nahodha Pedro Leitão de Gamboa, kisha akawaambia Wakristo wa mji wachague kati ya dini yao na maisha yao. Wengi walichagua dini. Waliouawa walikuwa mapadri, wanaume, wanawake na watoto, Wareno na Waafrika pia. Muda mfupi baadaye watu walioyaona hayo kwa macho waliapa huko Goa na kuyasimulia, na ushuhuda wao ulichapishwa kitabuni na mwanahistoria Freeman-Grenville mwaka 1980.

Wareno wakairudia ngome. Juu ya mlango kuna jiwe lililochongwa maandishi ya kumsifu nahodha Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika kazi mwaka 1635 akiwa kijana wa miaka 27. Jiwe lataja kwamba aliijenga upya ngome, aliwatoza kodi wafalme wa pwani, alibomoa kuta za miji iliyoasi, na huko Pemba aliwaua wakubwa wa nchi kwa amri yake mwenyewe. Kisha lataja cheo alichopewa kwa kazi hiyo. Yote hayo yako juu ya mlango wenye jina la Yesu.

Kuanzia Machi 1696 Waarabu wa Omani waliizingira ngome hiyo, wakaiteka Desemba 1698, baada ya miezi thelathini na mitatu. Ndani waliuawa na maradhi kuliko risasi. Tunalo jambo moja katika mazingirwa hayo tunalolipenda kuliko yote. Mwishoni mwa Agosti 1697 nahodha alikufa, na karibu Wareno wote walikuwa wamekwisha kufa. Ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Dau wa Faza, Mwislamu wa pwani aliyekuwa upande wa Wareno, pamoja na jamaa zake wachache, Waafrika wanaume wasiofika kumi, na wanawake Waafrika wapatao hamsini. Wanawake hao walipanda juu ya kuta na kuzilinda, mpaka msaada ukaja mwezi uliofuata. Ngome ya mfalme wa Ureno ililindwa na mama zetu. Hawana jiwe juu ya mlango wowote.

Yaliyofuata twayapita upesi. Wareno walirudi mwaka 1728 na kufukuzwa tena mwaka uliofuata. Wamazrui walitawala, kisha tangu 1837 askari wa Sultani wa Unguja. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza kuwa gereza, nayo ikawa gereza mpaka 1958.

Hapo ndipo anapoingia fundi wetu, yaani yule tunayempima. James Kirkman alikuwa Mwingereza aliyechimba magofu ya Gede karibu na Malindi tangu 1948. Mwaka 1958 ngome ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Shirika la Gulbenkian la Lisbon likatoa paundi 30,000, na Kirkman akaanza kuchimba na kutengeneza. Mwaka 1962 ngome ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho.

Kwanza tumsifu, maana anastahili. Kirkman hakuwa mtu wa kupamba. Kuta alizozikuta zikiwa zimevunjika hakuzijenga mpaka juu ili zipendeze. Msingi wa kanisa uani aliufukua akauacha msingi, hakuweka kanisa la kubuni juu yake. Nyumba za Waarabu hakuziangusha ili Wareno waonekane peke yao: chumba cha wakubwa wa Omani kingali kipo, na boriti zilizochongwa maneno ya Kurani zingali zipo. Vigae vya sahani za Uchina, za Uajemi na za Ureno alivipanga kwa kufuata tabaka la udongo alimovitoa, hata mtu asiyejua kusoma aona kwamba watu wa mataifa mengi walikula humo. Mwaka 1974 alitoa kitabu kinene juu ya kazi yote. Waliomfuata walifanya vema pia: kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi waliichimba merikebu ya vita ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa, na vitu vyake vimewekwa katika makumbusho. Na uani imelazwa mifupa ya nyangumi, asiye na ugomvi wowote na Wareno wala Waarabu. Watoto humpenda kuliko historia yote.

Lakini kitu kilichotushika zaidi ni picha za ukutani. Askari na mabaharia wa Kireno, waliposhinda juu ya buruji bila kazi, walichora kwa makaa na kwa udongo mwekundu: merikebu, samaki, watu, makanisa. Si kazi ya mafundi. Mistari yapinda, merikebu moja yapita juu ya nyingine. Picha hizo ziliondolewa ukutani kwa uangalifu mkubwa, pamoja na lipu yake, zikawekwa mahali pakavu ambapo wageni waziona. Tulisimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya mizinga. Mtu aliyechora merikebu alikuwa akingoja merikebu.

Sasa tuseme kasoro. Ili kuchimba, Kirkman aliondoa majengo ya gereza. Twaelewa sababu. Yalikuwa majengo ya juzi, yasiyo na uzuri, nayo yalikalia mahali pa kale. Asiyeondoa cha juu hafikii cha chini. Mchimbaji yeyote angemtetea, na kwa kazi ya kuchimba hatuna neno. Ila tutazame ni nani aliyeamua, na lini. Mwaka 1958 serikali iliyoruhusu gereza livunjwe ndiyo ile ile iliyokuwa na funguo zake. Hali ya hatari iliyotangazwa katika Kenya mwaka 1952 ilikuwa haijaondolewa, na maelfu ya watu walikuwa wamepita katika makambi ya kufungia. Na fedha za kazi zilitoka Lisbon wakati Ureno ilipokuwa ikitawala Angola na Msumbiji. Hatusemi kwamba fedha hizo zilimnunua Kirkman. Kazi yake yaonyesha hazikumnunua. Twasema tu kwamba kati ya watu wote walioteswa ndani ya kuta zile, walioondolewa ni wale wa karibu kuliko wote, ambao wana wao na wajukuu wao walikuwa hai mjini.

Tuhesabu. Gereza lilidumu miaka sitini na mitatu. Siku ngome ilipofunguliwa kwa wageni, Mreno wa mwisho wa ngome alikuwa amekwisha kuondoka zaidi ya miaka mia mbili na thelathini. Mfungwa wa mwisho alikuwa ameondoka miaka minne. Mreno alipata chumba chake, sahani yake, picha yake ya makaa. Yule mfungwa, leo mgeni anayevuka ua asipoambiwa hatakisia kwamba watu walihesabiwa hapo asubuhi na jioni. Je, wale pia hawakuchora ukutani? Kila aliyefungwa huchora. Je, hata vyumba vichache havikustahili kusimama mahali pa wazi, pamoja na mlango wake, kama vile Roma ilivyofungua vyumba vya chini ya Kolosseo? Stern aliliacha jiwe linaloanguka lionekane linaanguka. Mombasa, jiwe baya liliondolewa kabisa.

Na hapa yatupasa kujipima wenyewe pia, sisi Wakatoliki. Tuliposimama penye msingi wa kanisa lile tulitamani, kwa haki, kuona kumbukumbu kubwa ya mashahidi wa 1631. Tungependa Mkristo wa Masisi anayefuata bidhaa zake bandarini apite pale na kusali kwa ajili ya Waafrika wale waliokubali kufa kuliko kukana. Lakini twamwomba atakayeiandika kumbukumbu hiyo asianzie mwaka 1631. Aanze mwaka 1614, na kichwa cha baba. Mtoto yule alifundishwa Katekismu na watu wa taifa lililomwua baba yake, na hakuna aliyeona kwamba neno hilo lataka kutubiwa. Jambo hilo halipunguzi utukufu wa mashahidi hata kidogo. Latuonyesha tu kwamba walilipa deni ambalo si wao waliolikopa. Ukiwaondoa Sultani Hasan na jiwe la Seixas ili sisi tupendeze, umefanya alivyofanya Kirkman kwa gereza, tena bila sababu yake ya kuchimba.

Habari za kuingia: ngome inasimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, nao wenyeji hulipa kidogo kuliko wageni wa mbali, jambo jema. Wanafunzi walijaa. Njia ya mlangoni yapanda, na ndani mawe hayako sawa. Mzee mwenye fimbo ahitaji mkono wa kumshika. Yafaa kwenda asubuhi, kabla ya joto.

Turudi nyumbani. Tangu milima yetu ilipoanza kuwaka vita, tumeona nyumba nyingi za Mungu zikipasuka, na nyingine ziliharibiwa na moto usio wa wanadamu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka katikati ya mji wa Goma, ukaiunguza Katedrali ya Mtakatifu Yosefu. Kuta zake zilibaki zimesimama juu ya mawe meusi, nao watu walipita kando yake wakienda sokoni. Tuliwasikia wageni wakisema, mbona hamwondoi magofu haya? Na tuliwasikia mama wa Goma wakijibu kwamba ndimo walimofungia ndoa. Hapana aliyewafundisha mama hao habari za fundi Stern.

Nyumba ile ya misioni, ambayo baraza la parokia lagombania, ni ya matofali ya kuchoma, yenye veranda mbele na mabati yaliyokula kutu. Mapadri wa kwanza walikaa humo, kisha ikawa ghala, kisha darasa la katekismu. Wakati wa vita ikawa mahali pa wakimbizi, si mara moja. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2025, vita vilipofika Masisi-kati mwezi wa Januari na Walikale-kati mwezi wa Machi. Watu walilala humo wakibanana, jamaa na jamaa, wengine majuma, wengine miezi. Sasa baraza lataka kuitengeneza iwe nyumba ya wageni, na chumba kimoja kiwe cha vitu vya kale: kalisi ya kwanza, vitabu vya ubatizo, kengele iliyopasuka, picha za mapadri wenye ndevu. Twasema ni fikira njema sana, na walioitoa wana bidii.

Ugomvi wao ni juu ya ukuta wa chumba cha nyuma. Wakimbizi waliuandika kwa makaa, kutoka chini mpaka mkono unapofika. Kuna majina ya vijiji. Kuna mistari ya kuhesabu siku, mitano mitano, inayokoma ghafula. Kuna ng'ombe, helikopta, na nyumba yenye moshi unaotoka juu, na hatujui kama ni moshi wa jiko. Penye kona mtoto amechora kanisa hili hili, na msalaba mkubwa kuliko paa. Walio upande mmoja wasema ukuta huo ni uchafu, tena ni aibu mbele ya wageni, na kwamba waliolala humo wenyewe hawataki kukumbushwa. Katekista mzee wa pale ajibu kwamba hapana aliyewauliza. Sisi twamwunga mkono katekista. Tulimsimulia habari za mabaharia wa Mombasa, na lipu iliyokatwa kwa uangalifu ili merikebu zao za makaa zisipotee. Akakaa kimya kitambo, kisha akauliza kama Wareno wale walikuwa watu wakubwa. Tukamwambia hapana, walikuwa askari tu, waliokuwa wakingoja.

Amepeleka neno hilo katika baraza. Chokaa imekwisha kununuliwa, ndoo tatu, nazo ziko sakristia. Kwa sasa wamekubaliana kupaka vyumba vya mbele kwanza.